Kiti Kirefu cha Mama Berthe

Ulipopanda njia ya soko la Butembo, ulimsikia Mama Berthe kabla ya kumwona.

"Maharagi ya Luofu! Haina mududu! Mwenye meno akuje, na mwenye hana meno akuje!"

Watu walicheka, wakaja, wakanunua. Mama Berthe alikuwa na miaka sitini na miwili. Alikuwa mjane. Mwana wake, Mathe, alifuata bidhaa Kasindi, mpakani, na alirudi nyumbani mara moja kwa juma, kama barabara imekubali. Berthe alikaa na Nadège, mke wa Mathe, na mtoto wao mdogo, katika nyumba ya mlimani Vungi. Nyumba ile haikukosa watu. Huyu ameleta habari, yule amekuja kuichukua.

Sokoni, Berthe alikaa juu ya kiti kifupi cha mti, kisichofika hata gotini. Wauzaji wote walikaa hivyo. Jikoni kwake pia alikaa hivyo. Viti virefu vilikuwa vya sebuleni, na vilikuwa vya wanaume. Hivyo ndivyo alivyofundishwa alipoolewa. Hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Nani anawaza juu ya kiti?

Siku moja ya mwaka 2001, askari waliingia sokoni. Walikuwa wa upande gani? Watu walibishana, na wanabishana hata leo. Wakati ule askari walibadilisha jina la mkubwa wao kama mtu anavyobadilisha shati. Njaa yao tu haikubadilika. Walitaka mbuzi wa mtu. Mwenye mbuzi alikataa. Wakapiga risasi hewani.

Soko lote likakimbia. Berthe alisukumwa, akaanguka mtaroni. Alipotaka kusimama, mguu wa kushoto ulikataa. Ulionekana mfupi kuliko mwenzake, na wayo ulikuwa umegeukia nje. Watu waliruka juu yake. Aliona viatu, ndala, miguu mitupu. Hakuna mguu uliosimama.

"Mimi Berthe!" alipiga kelele. "Munaniruka kama mbwa mwenye amekufa?"

Mwishowe Kambere, seremala wa karibu na soko, alirudi na watu watatu. Walimlaza juu ya ubao wa meza, wakampeleka hospitali.

Daktari alitazama picha ya mfupa, akasema, "Mama, mfupa wa paja umevunjika shingoni, hapa unapoingia kiunoni. Kwa mutu wa miaka yako, mahali hapa mfupa hauungani vizuri. Tutatoa kichwa cha mfupa, tutaweka kichwa cha chuma."

"Chuma ya wapi? Ya motokari?"

"Ya hospitali, Mama."

"Chuma yote ya Butembo inapita Kasindi," Berthe alisema kwa uchungu. "Hata ile itakuwa imepita Kasindi."

Walimpasua. Siku mbili baadaye, kijana mmoja mwenye koti jeupe alikuja kando ya kitanda chake na magongo mawili. Jina lake Élisée. Alikuwa kine, mfanyakazi anayefundisha wagonjwa kutumia tena viungo vyao. Berthe alimjua tangu kijana huyo akiwa mtoto, kwa sababu nyumba ya wazazi wake ilikuwa ya tatu kutoka kwa Berthe.

"Simama, Mama Berthe."

"Leo? Kidonda haijapona!"

"Leo. Chuma iko tayari kukubeba. Nyama ya muguu njo inapaswa kujifunza."

 Berthe aliuliza jambo moja tu.

"Élisée, unamukumbuka mzee Maliro?"

Élisée alimkumbuka. Kila mtu wa Vungi alimkumbuka. Mzee Maliro alikuwa mgonjwa wa kitandani. Mwaka uliopita, risasi zilipolia, watu walikimbia, na kila nyumba ilidhani nyumba nyingine imembeba. Waliporudi, walikuta nyumba yake ni majivu, na kitanda ndani ya majivu.

"Siku batapiga tena masasi," Berthe alisema, "nitatoka mu nyumba na miguu yangu?"

"Ukitembea kila siku, ndiyo. Ukilala, hapana."

Berthe alishika magongo. Alisimama, jasho likimtoka, akiwatukana askari wote mmoja mmoja, pamoja na mama zao. Élisée alimwacha atukane. Kila tusi lilikuwa hatua moja.

Majuma mawili baadaye alirudi nyumbani. Élisée alimweleza Nadège mambo yote ya kufuata. Nadège aliitikia, "Ndiyo, ndiyo." Kisha hospitali ikamtuma Élisée Beni kwa kazi, na barabara ikafungwa nyuma yake.

Hapo matatizo yakaanza. Yaliletwa na upendo.

Huku kwetu, mgonjwa ni wa watu wote. Wamama wa kanisa walikuja. Wauzaji wa maharagi walikuja. Watu wasiomjua walikuja, kwa sababu walisikia kuna mama mwenye chuma ndani ya mwili. Nadège aliwapokea vizuri. Alimlaza Berthe juu ya kitanda cha Mathe, kitanda kikubwa cha mbao ya libuyu, mti wa thamani, na godoro nene, na shuka jeupe la harusi. Sebule ilijaa. Chumba kilijaa. Chai haikukauka.

Asubuhi ya pili, Berthe alishika magongo, akatoka mpaka mlangoni. Jokébed, jirani, alikuwa anaingia na sahani ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Jokébed alikuwa na moyo mwema na mdomo usio na kifuniko.

"Eeh! Mama Mathe anatembea? Donc si mugonjwa tena?" Kisha akamgeukia Nadège na kushusha sauti, lakini hakuishusha sana. "Nadège, angalia. Batu batasema nini? Batasema unamutuma mama mukwe maji."

Nadège alijaa haya. Alimrudisha Berthe chumbani.

"Lala, Mama. Wageni bako njiani."

"Élisée alisema nitembee."

"Utatembea, Mama. Wageni bakiisha kwenda."

Lakini wageni hawakuisha. Walipotoka hawa, waliingia wale. Berthe alilala. Alikunywa uji kitandani. Alinawishwa kitandani. Kila mtu alisema, "Nadège, unamutunza vizuri sana." Na Nadège alifurahi, maskini, kwa sababu mke wa mtu hasikii maneno hayo kila siku.

Ndani ya Berthe, hasira ilikuwa inachemka kama sufuria iliyofunikwa. Siku ya nane alirusha kikombe ukutani.

"Siko maiti! Maiti njo inalala, batu banaimba pembeni!"

"Ni uchungu ya kidonda," Jokébed aliwaambia wageni. "Imbeni tu."

Wakaimba. Usiku ule Berthe alijaribu kuinua mguu. Paja lilikuwa limelegea kama gunia tupu. Mguu haukuinuka. Alimkumbuka mzee Maliro, akauma shuka la harusi.

Siku ya kumi na tano, Élisée alirudi kutoka Beni, vumbi kichwani. Hakupita hata kwao. Alifungua mlango wa chumba na kukuta wanawake sita wanaimba.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Wimbo ulikatika.

"Ninauliza. Kama hakuna mwenye amekufa, juu ya nini munaimba? Juu ya nini huyu mama amelala saa nne ya asubui?"

"Kine, anapumuzika," Jokébed alijibu.

"Munamuua!"

Élisée alifunua shuka. Alishika muundi wa Berthe, akaubonyeza polepole, akaulinganisha na wa pili. Kisha alivuta pumzi.

"Mungu amewasaidia. Haujavimba. Sikizeni vizuri, na mukimaliza kusikia, muende kusema inje, kwani ninawajua. Damu yenye haitembei inaganda. Inaganda hapa, mu mishipa ya muundi. Kipande kinaweza kutoka, kupanda mupaka mu mapafu. Mutu anakosa pumuzi, anakufa. Muundi ukivimba, ukiwa moto, ukiuma, ao kifua kikiuma na pumuzi ikikatika, hapana ngojea kesho. Ni hospitali, saa ile ile. Kidonda kikitoa usaha, ao mwili ukiwa na moto, vilevile."

"Miye nilisema tuite mwenye kuunga mifupa," Jokébed alisema. "Yule wa Mutwanga. Anavuta muguu, anaweka majani."

"Akivuta, atachomoa chuma! Daktari ameiweka ndani, kama mwiko mu chungu. Nyama yenye inaishika ingali changa. Hakuna kuvuta, hakuna kukanda pale."

Nadège alianza kulia.

"Élisée, miye ninafanya yote juu yake. Sasa batu bakimuona anatembea na magongo, batasema mimi ni mukwe mubaya."

"Batasema, ndiyo. Bakichoka kusema, batarudi kwao kula bugali. Mama yako atabaki na muguu wake. Unachagua nini?"

 Berthe alisema kwa sauti ndogo, na sauti yake ndogo iliogopesha kuliko kubwa.

"Nadège. Mzee Maliro pia, kitanda yake ilikuwa na shuka nzuri."

Nadège aliacha kulia. Alifuta macho. Kisha akawaambia wageni, "Wamama, wasingya, asanteni. Tutaonana kesho. Mama anaenda kutembea."

Kambere seremala aliitwa. Élisée alimpimia kwa mkono. Kambere alitengeneza kiti kirefu chenye mikono miwili ya kujishikia. Berthe akikaa juu yake, magoti yake yalibaki chini kidogo ya kiuno. Alitengeneza kingine chenye tundu katikati, cha kuweka juu ya shimo la choo, kwa sababu kuchuchumaa kulikatazwa kabisa.

"Nyonga ni kama mulango," Élisée alisema. "Saa hii bawaba ni mupya. Ukikunja sana, mulango unatoka. Donc hapana ikala chini. Hapana inama kuokota kitu, tumia fimbo ao ita mutu. Hapana pandisha muguu juu ya mwenzake. Hapana geuza vidole vya muguu ndani. Ukilala, weka mto katikati ya magoti. Miezi mitatu hivi, mupaka daktari aseme basi."

"Na ngazi?" Nadège aliuliza. Nyumba ile ilikuwa na ngazi nne za mawe, na mlima nyuma yake.

"Kupanda, muguu muzima unatangulia, magongo na wa chuma vinafuata. Kushuka, magongo na muguu wa chuma vinatangulia, muzima unafuata."

Berthe alirudia, akachanganya, akakasirika. Mwishowe aliipa miguu yake majina. Mzima aliuita Butembo. Wa chuma aliuita Kasindi.

"Kupanda, Butembo mbele!" alipiga kelele kwenye ngazi. "Kushuka, Kasindi mbele!"

Watoto wa mtaa walijifunza wimbo huo siku ile ile. Na maneno yalisemwa, kama Nadège alivyoogopa. Kisimani walisema Nadège amemchoka mama mkwe. Njiani walisema chuma kinamtembeza Berthe kwa nguvu, hata akitaka kusimama hawezi. Berthe alisikia yote. Nyumba iliyojaa watu haina siri.

"Bongo yao njo inahitaji magongo," alisema, na akaenda.

Juma la kwanza alifika kwenye mti wa avoka. Juma la pili alifika kwa Jokébed, akakataa kuingia kwa sababu viti vyote vya Jokébed vilikuwa vifupi. Jokébed alinuna kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja mwenyewe kuuliza kiti kile kirefu kilitengenezwa na nani.

Sasa sikia kosa lenyewe.

Jumamosi moja, Kitsa alifika kutoka Luofu na gunia la maharagi. Kitsa alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Berthe. Tangu kifo cha kaka yake, yeye ndiye aliyesema neno la mwisho katika ukoo. Mathe alikuwa Kasindi. Kitsa aliketi sebuleni kwenye kiti cha kawaida. Mbele yake, Berthe alikuwa juu ya kiti chake kirefu, anachagua maharagi. Ili kumtazama, Kitsa aliinua uso.

"Mulamu," Kitsa alimwambia shemeji yake, "tangu lini mwanamuke wa ukoo wetu anaikala juu ya kichwa ya wanaume?"

"Baba mudogo, ni daktari alisema," Nadège alijibu haraka.

"Daktari ameoa mu ukoo wetu?"

"Hapana, lakini kine pia..."

"Kine naye ameoa kwetu? Mulete kile kiti kifupi. Mulamu anijazie kasiksi kama zamani. Ao vita imemaliza heshima pia?"

Jokébed alikuwa mlangoni, macho yamemtoka. Nadège alisimama katikati ya nyumba, hajui aende wapi. Na Berthe? Hasira ilimpanda mpaka kooni. Maneno yalikuwa tayari, makali, yamepangwa kama visu vya mwuza nyama. Lakini miaka arobaini alikuwa amemjazia mume na shemeji zake kikombe akiwa amekaa chini, na miaka arobaini ni mizito. Alimeza visu vyake.

"Leta kiti," alimwambia Nadège.

"Mama!"

"Ni mara moja tu. Leta."

Aliteremka juu ya kiti kifupi. Magoti yalipanda mpaka karibu na kifua. Alishika kibuyu cha kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mikono miwili, akainama mbele kumjazia Kitsa.

Kitu kililia kiunoni, kama tawi linalopasuka. Kibuyu kilianguka. Kasiksi ilitapakaa. Berthe alipiga kelele iliyosikika mpaka barabarani. Mguu wake ulikuwa mfupi tena, lakini safari hii vidole viligeukia ndani.

"Hapana mumuguse!" Nadège alipaza sauti. Kitsa alikuwa amekwisha kunyoosha mkono auvute mguu. "Baba mudogo, toa mukono! Toa!"

Hakuwahi kumpazia sauti mkubwa maishani mwake. Kitsa alitoa mkono.

Wanaume wanne walimbeba Berthe kwa kipoyi, kitanda cha miti cha kubebea mgonjwa, mpaka hospitali. Katika kila jiwe la njia, mguu ulimwuma na alimtaja Kitsa kwa jina. Kitsa alifuata nyuma, kofia mkononi. Daktari alimlaza kwa dawa ya usingizi, akakirudisha kichwa cha chuma mahali pake bila kumpasua. Lakini alionya kwamba kikitoka tena, huenda watapasua upya.

Nje, Élisée alimkuta Kitsa ameegemea ukuta.

"Sikujua," Kitsa alisema.

"Hukujua, lakini ulisema!" Élisée alimnyoshea kidole. "Mutu mwenye hajui, anauliza. Nadège alikuambia. Ulimuuliza kama daktari ameoa kwenu!"

 Kitsa alikuwa na miaka sitini, na kijana alikuwa anamfokea mbele ya watu.

Berthe alipoamka, alimwita.

"Karibia, mulamu. Sikufukuzi. Wewe ulisema, lakini miye njo niliikala. Hakuna mwenye alinisukuma. Hasira yangu ya kwanza ni juu yangu." Alipumzika kidogo. "Ya pili ni yako. Siku bataleta moto Vungi, hiyo heshima yako itanibeba mugongoni? Ilimubeba mzee Maliro?"

Kitsa alitazama sakafu.

"Hapana," alisema.

"Basi niache nijibebe."

Barabara ya Luofu ilikuwa haipitiki, na Kitsa alibaki Butembo. Jioni Berthe aliporudi nyumbani, Kitsa mwenyewe alikileta kiti kirefu sebuleni, akakiweka karibu na dirisha, akakitikisa kuona kama kimesimama vizuri. Kisha akavuta kiti kifupi, akakaa juu yake na kuanza kuchagua maharagi. Jokébed alipita, akaona, akaenda mbio kisimani. Siku ile habari za Berthe hazikusemwa tena. Ilikuwa zamu ya Kitsa.

Kazi ilianza upya. Mlangoni. Kwenye avoka. Kwa Jokébed, ambaye sasa alikuwa ameongeza miguu ya kiti kimoja kwa mbao, makusudi. Wageni walikuja bado, lakini Nadège aliwawekea sharti. Anayetaka kumsalimia mama, amsalimie akitembea naye. Basi ulimwona Berthe asubuhi, mbele, na wamama wanne nyuma yake, habari za mji mzima zikipanda na kushuka mlima pamoja nao. Hakuna aliyetaka kukosa. Wengine hata migongo yao ilipona.

Miezi mitatu ilipoisha, daktari alisema gongo moja linatosha. Alimwonya asisahau kiti chake, kwa sababu chuma hakizeeki kama mfupa lakini hakisamehe pia.

Siku tisa baadaye, saa nne ya asubuhi, risasi zililia upande wa chini wa Vungi.

Nadège alifunga mtoto mgongoni. Alimkimbilia Berthe, akainama mbele yake.

"Panda, Mama! Nitawabeba wote wawili!"

"Beba mutoto! Miye niko na Kasindi."

Walitoka kwa mlango wa nyuma. Ngazi nne za mawe kushuka. Magongo yote mawili alikuwa ameyachukua. Moshi ulipanda kutoka nyumba za chini. Watu waliwapita mbio, mmoja, wawili, kumi. Berthe hakukimbia.

"Kasindi mbele," alisema kwa meno yaliyofungwa. "Butembo nyuma. Kasindi. Butembo."

Kisha mlima, na mikaratusi juu kabisa.

"Butembo mbele! Mumesikia, nyie bezi? Munachoma nyumba za batu, munakula mbuzi za batu! Butembo mbele! Hamutanikuta mu kitanda! Butembo mbele!"

"Mama, nyamaza, batasikia!" Nadège alimsihi.

"Basikie!"

Kelele ile ilimwongoza Kitsa. Alikuwa nyuma yao, akihema, magoti yake mabovu yakilia. Alikuwa amekwisha toka nyumbani, akarudi ndani mara moja, na sasa Nadège aliona kwa nini. Kitsa alibeba kiti kirefu juu ya kichwa chake.

Walifika kwenye mikaratusi. Mtaa mzima ulikuwa pale, umekaa juu ya majani, umelowa jasho. Kitsa alishusha kiti, akakisimamisha chini ya mti, akakishikilia. Berthe aliketi, magoti chini ya kiuno. Watu wote walikuwa chini, yeye alikuwa juu. Aliwaona watu wote na watu wote walimwona, na safari hii hakuna aliyeuliza mgonjwa yuko wapi.

Jioni risasi ziliisha. Walirudi. Nyumba mbili za chini zilikuwa zimeungua. Nyumba ya Berthe ilikuwa imesimama, lakini mlango ulikuwa umevunjwa. Sufuria hazikuwako. Gunia la maharagi halikuwako. Nadège aliingia chumbani, akatoka mikono kichwani.

"Mama! Kitanda! Bamechukua kitanda ya libuyu, na godoro, na shuka ya harusi!"

Berthe aliingia polepole. Alisimama mlangoni mwa chumba kitupu. Kwenye sakafu palibaki alama nne za miguu ya kitanda. Zilikuwa za kitanda alicholazwa siku kumi na tano wakati watu wanaimba. Kama angekuwa ndani yake leo, wangekichukuaje? Wangemtupa wapi?

Hasira ilipanda, na safari hii hakuimeza.

"Balale bao!" alisema. "Balale! Bakuje na kwaya pia, baimbiwe!"

Jokébed alikuwa wa kwanza kucheka. Halafu Nadège, machozi bado usoni. Halafu nyumba nzima, iliyokuwa imejaa tena, kama kawaida.

Jumatano iliyofuata, wale waliokuwa wanapanda njia ya soko walisikia sauti kabla ya kuona mtu. Walipofika, wauzaji wote wa maharagi walikuwa chini, na katikati yao, juu, kwenye kiti chenye mikono miwili, gongo likiwa limeegemea pembeni, alikuwa Mama Berthe.

"Mulamu," alimwambia Kitsa aliyekuwa anafungua gunia la mkopo, "maharagi moja imeanguka pale chini. Miye siinami. Okota."

Kitsa aliinama, akaokota.